Oili ya giaboksi ya otomatiki kwenye pikapu: umwage na kujaza, ushushe sampu, au ubadili yote?

Mwenye pikapu ya otomatiki akiuliza gereji tatu jinsi ya kubadili oili ya giaboksi, anaweza kurudi nyumbani na majibu matatu. Mmoja atamwambia amwage iliyomo na kujaza nyingine. Wa pili hataki kusikia habari hiyo bila kushusha sampu, yaani beseni la oili lililo chini ya giaboksi, na kubadili filta. Wa tatu ana mashine, na kwake oili isipotoka yote kazi haijafanyika. Na kijiweni hakosekani wa nne, anayesema usiguse kabisa, maana jirani yake aliigusa na gari likafia hapo.

Wote wana hoja. Kinachowatofautisha ni gari wanalolifikiria wanapojibu. Hapa tunaziweka njia hizo kando kwa kando kwa vigezo vilevile, ili uone ipi inalingana na gari lako, historia yake na vifaa ulivyonavyo.

Tunazungumzia giaboksi za otomatiki zenye tokonvata, kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa kutumia oili, kama zilivyo kwenye Hilux, Ranger, Navara, F-150 na Tacoma, pamoja na Prado na Fortuner zinazotumia giaboksi za ukoo huohuo. Malori ya Volvo yenye I-Shift na Scania yenye Opticruise hayamo. Hizo ni giaboksi za meno za kawaida ambazo kompyuta inabadilisha gia badala ya dereva, zina oili yake tofauti, na ATF, yaani oili ya giaboksi za otomatiki, si chakula chake. Malori na mabasi yenye Allison yanafuata kanuni tutakazozieleza, ila nyingi kati ya giaboksi hizo zina filta inayofunguliwa kwa nje, kwa hiyo ubishi wa kushusha sampu hauzihusu sana.

## Vigezo vya kulinganishia

Cha kwanza ni kiasi cha oili kinachotoka. Watu wengi hawaambiwi hili: kwenye giaboksi ya otomatiki, oili iliyo kwenye sampu ni kama theluthi moja tu. Iliyobaki imekaa ndani ya tokonvata, kwenye valvu, kwenye kipoza oili na mipira yake. Ukifungua plagi ya kumwagia, hiyo haitoki. Ndiyo maana giaboksi yenye ujazo wa lita 10 inakutolea lita 3 na kukauka, na mtu akadhani amemaliza.

Cha pili ni uchafu unaotoka. Oili ni jambo moja, na masizi ya chuma kwenye sumaku za ndani ya sampu na filta iliyoziba ni jambo jingine. Njia inaweza kushinda kwa moja na kushindwa kwa lingine.

Cha tatu ni hatari ya kuharibu kitu: boliti kukatika, pampu kunyonya hewa, kipimo kukosewa, uchafu kuingia.

Cha nne ni gharama, tutakayoihesabu kwa lita, vipuri na saa za kazi, maana bei ya lita Gerezani, Dar es Salaam, si bei ya Kirinyaga Road, Nairobi, na zote hubadilika.

Cha tano ni kile unachokiona. Njia nyingine inakufungulia giaboksi ukasoma hali yake, nyingine inakuacha gizani.

## Mambo mawili yanayotangulia njia zote

Kabla ya kubishana kuhusu njia, kuna aina ya oili na kipimo chake. Tunayaweka mbele kwa makusudi. Giaboksi iliyomwagwa tu na kujazwa oili sahihi kwa kipimo sahihi iko salama kuliko iliyopita kwenye mashine ya kisasa ikatoka na oili isiyo yake au pungufu ya lita moja.

Kuhusu aina: rangi nyekundu haikuambii chochote, karibu ATF zote ni nyekundu. Toyota za zamani zilitumia Dexron, zikaja za T-IV, kisha za WS. WS ni nyepesi kuliko T-IV na hazibadilishani. Kwenye Toyota nyingi maandishi WS yamechorwa kwenye plagi yenyewe ya kujazia, kwa hiyo huna sababu ya kubahatisha. Ford Ranger ya kuanzia 2012 na F-150 zenye giaboksi ya 6R80 ya gia sita zinataka Mercon LV. Zenye gia kumi zinataka Mercon ULV, nyepesi zaidi, na herufi hiyo moja ya U si ya kupuuzwa. Navara yenye gia saba inataka Matic S. Muuzaji akikwambia "hii haidroliki inaingia magari yote", muulize kiwango chake kimeandikwa wapi kwenye dumu. Kisipoandikwa, liache hapo. Oili bandia zipo sokoni, na giaboksi ndiyo sehemu ya gari isiyosamehe.

Kuhusu kipimo: giaboksi nyingi za siku hizi hazina dipstiki. Kipimo chake ni tundu. Ndani ya sampu kuna kibomba kilichosimama. Oili ikizidi urefu wa kibomba hicho inamwagikia nje, ikipungua haitoki. Lakini oili hutanuka ikipata moto, ndiyo maana kila giaboksi ina nyuzi joto zake za kupimia. Kwenye ukoo wa A750 wa Toyota, ule wa gia tano ulio kwenye baadhi ya Prado, Tacoma na Hilux za dizeli za lita 3.0, kipimo kinachukuliwa oili ikiwa kati ya nyuzi 46 na 56. Ukipima ikiwa na nyuzi 80, oili iliyotanuka itamwagika nyingi, utafunga plagi ukiridhika, na ikipoa giaboksi ina njaa. Ukipima ikiwa baridi, utaijaza kupita kiasi, meno yataichapa oili hadi itoe povu, na povu halina presha.

Kwa hiyo vifaa ni viwili: gari lililosimama sawa kabisa, mbele na nyuma, na skana ya OBD, kifaa cha kuchomeka kwenye kompyuta ya gari, inayosoma nyuzi za oili ya giaboksi. Injini inaunguruma, mguu kwenye breki, unapitisha gia P, R, N, D taratibu na kurudi P, halafu unafungua plagi ya kipimo joto likifika. Mkondo ukipungua ukawa matone, funga. Isipotoka hata tone, ongeza hadi itoke.

Ford 6R80 kwenye F-150 za kuanzia 2011 ni tofauti: dipstiki fupi imefichwa chini ya plagi ya kujazia, ubavuni mwa giaboksi karibu kabisa na bomba la moshi, na hupimwa oili ikiwa moto, karibu na nyuzi 100. Vaa glavu nzito. Zenye dipstiki ndefu ya kizamani hupimwa injini ikiwaka. Toyota hupimwa gia ikiwa P, na Dodge Ram nyingi zikiwa N. Kitabu cha gari ndicho hakimu.

## Njia ya kwanza: kumwaga na kujaza

Inavyofanyika. Legeza plagi ya kujazia kwanza. Tunarudia: ya kujazia kwanza, kabla hujagusa ya kumwagia. Plagi hiyo inaweza kuwa imekaa miaka kumi bila kufunguliwa, na ikigoma baada ya oili kumwagika, gari halitoki hapo ilipo. Kwenye A750 ya kujazia inafunguliwa kwa spana namba 24, ya kumwagia kwa 14, na ya kipimo kwa ufunguo wa L wa 5. Oili iwe vuguvugu, isiwe ya kuunguza. Pokea kwenye beseni safi, kisha mimina kwenye chupa zenye alama za lita ujue umetoa ngapi. Badilisha washa za plagi, rudisha kiasi kilekile kwa pampu ya mkono, halafu thibitisha kwa kipimo cha joto tulichokieleza. Usitegemee kile ulichotoa peke yake, maana kama aliyekutangulia alikosea, utakuwa umenakili kosa lake.

Oili inayotoka. Kwa giaboksi ya lita 10 inayotoa lita 3, mara ya kwanza unapata asilimia 30 ya oili mpya. Ukirudia baada ya kuendesha siku chache, unafika 51, mara ya tatu 66, ya nne 76. Hapo umeshatumia lita 12 na robo ya oili ya zamani bado imo. Kila unavyoendelea, sehemu kubwa zaidi ya unachomwaga ni oili mpya uliyoinunua wewe mwenyewe.

Uchafu. Unatoka ule unaoelea tu. Sumaku na filta hazijaguswa.

Gharama. Ndogo kuliko zote kwa mara moja: lita 3 hadi 4, washa mbili au tatu, na saa moja.

Hatari. Ndogo. Hakuna boliti nyingi, hakuna mpira wa kukatika, pampu hainyonyi hewa. Makosa yanayotokea ni mawili, plagi ya kujazia kugoma na kipimo kukosewa.

Unachokiona. Rangi na harufu. Nyekundu iliyoiva kidogo ni ya kawaida. Kahawia yenye harufu ya kuungua ni dalili ya joto kali. Ikitoka rangi ya waridi yenye ukungu kama maziwa, acha kila kitu: maji ya rejeta yameingia kwenye giaboksi. Kipoza oili mara nyingi kimejengwa ndani ya rejeta, kikipasuka viwili hivyo vinachanganyika. Nissan Pathfinder na Frontier za 2005 hadi 2010 zilijulikana sana kwa ugonjwa huo. Hapo hakuna njia kati ya hizi tatu itakayotosha. Rejeta inabadilishwa, na pleti za klachi, ambazo zimeshikwa kwa gundi isiyovumilia maji, zinahitaji kukaguliwa.

Inamfaa nani. Mwenye gari ambalo oili yake imekuwa ikibadilishwa kwa wakati, anayetaka kuendelea hivyo. Pia mwenye gari la kilomita nyingi lisilojulikana historia yake, kwa sababu tutakazozieleza mbele.

## Njia ya pili: kushusha sampu na kubadili filta

Inavyofanyika. Unamwaga kwanza kama njia ya kwanza. Sampu nyingine, zikiwemo za baadhi ya Ford, hazina plagi ya kumwagia, kwa hiyo oili inatoka kwa kulegeza boliti za upande mmoja na kuiinamisha sampu. Andaa beseni pana, na uache boliti mbili za upande wa pili mpaka mwisho ili isikudondokee yote kwa pamoja.

Boliti za sampu huwa nyingi na ndogo, aghalabu za spana namba 10. Zinaingia kwenye alumini, na nguvu zinazotakiwa ni ndogo, za kifundo cha mkono tu. Fundi anayetumia mashine ya upepo hapo ataharibu nyuzi za tundu, na kutengeneza tundu hilo ni gharama kuliko oili yote. Kaza kwa zamu, kwa kukatisha pembe hadi pembe, kidogo kidogo, ukiwa na ufunguo wa kupimia nguvu na namba ya gari lako.

Filta nayo ina mtego wake. Zile zinazosukumwa kwa kubanwa, kama ya 6R80, zina sili inayoingia kwenye tundu la pampu. Ukivuta filta ya zamani, sili yake inaweza kubaki juu. Ukisukuma mpya juu ya ya zamani, haitakaa sawa, pampu itanyonya hewa, gari litaunguruma likigoma kushika gia, na utaanza kulaumu oili. Hesabu: imetoka filta moja na sili moja. Zile za Toyota zinazofungwa kwa boliti zina oringi, pete ndogo ya mpira, na iende mpya, imepakwa ATF.

Gundi ya silikoni usiitumie palipo na gasketi. Ziada yake inakatika ndani, inasafiri na oili mpaka kwenye filta na solenoidi, zile valvu za umeme. Nyuso zifutwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Pamba na matambara ya kuchanika hayana nafasi hapa.

Oili inayotoka. Zaidi kidogo kuliko njia ya kwanza, kwa kuwa filta na sehemu ya chini ya valvu nazo zinadondosha. Ukiwa na subira ya kuiacha ichuruzike usiku kucha, utapata lita 4 hadi 5 kwenye giaboksi ya lita 10. Tokonvata bado imejaa ya zamani.

Uchafu. Hapa ndipo njia hii inapozipita zote. Sumaku zinafutwa, sampu inaoshwa, filta inakuwa mpya. Itoe sumaku kila moja na ukumbuke ilikokaa, maana nyingine hushikilia sampu kwa nguvu yake tu na hubaki kwenye beseni la kuoshea.

Gharama. Lita 4 hadi 5, filta, gasketi, na saa mbili hadi tatu za kazi. Kabla ya kununua filta, ulizia imetengenezwaje. Toyota nyingi za zamani zina filta ya wavu wa chuma, ambao hauzibi haraka, kwa hiyo kuibadilisha kila mara si lazima. Zenye kitambaa kizito ndani, kama za Ford, zinashika uchafu mdogo zaidi na zinajaa.

Hatari. Ya wastani: boliti, sili ya filta, gasketi kuvuja, mchanga kuingia. Kazi hii isifanyike barabarani upepo wa vumbi ukivuma.

Unachokiona. Mengi. Ute mweusi laini kama grisi kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida wa chuma. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kidole ni habari mbaya. Chembe za rangi ya shaba au dhahabu, ambazo sumaku haizishiki, zinatoka kwenye bushi. Vipande vyeusi kama karatasi iliyoungua ni pleti za klachi zinazokwisha. Piga picha kabla hujafuta. Ukilinganisha na picha za mara ijayo utajua kama mambo yanazidi.

Inamfaa nani. Aliyenunua gari la mtumba na anataka kujua alichonunua. Tunaipenda njia hii kwa mtu wa aina hiyo, kwa kuwa hakuna nyingine inayokuonyesha hali ya ndani kwa bei hiyo.

## Njia ya tatu: kubadili oili yote

Inavyofanyika. Oili ya tokonvata haimwagiki, lakini inazunguka. Injini ikiwaka, inatoka kwenye tokonvata, inakwenda kwenye kipoza oili, inarudi kwenye giaboksi. Ukikata njia pale inaporudi na kuielekeza kwenye ndoo, pampu ya giaboksi yenyewe inaisukuma ya zamani nje huku ikivuta mpya kutoka kwenye sampu.

Kwa mkono, kazi ni ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani, mwingine anatazama chupa yenye alama za lita. Washa, itoke lita moja hadi moja na nusu, zima. Jaza kiasi kilekile. Washa tena. Endelea mpaka rangi ya inayotoka ifanane na mpya, kwa kawaida lita 10 hadi 12 kwa giaboksi ya lita 10. Kosa la kuogopwa ni kuchelewa kuzima. Lita moja inatoka ndani ya sekunde chache, na pampu ikikauka inasagika chuma kwa chuma. Mtu wa usukani awe anasikiliza, simu iwe mfukoni.

Kama hujui mpira upi ndio wa kurudi, weka chombo kwenye ncha zote mbili, washa sekunde mbili, utauona. Magari mengine yana thamostati kwenye njia ya kipoza oili, na mpaka oili ipate moto haipiti kitu. Ukiona hakitoki chochote, usiongeze mafuta kwa mguu. Zima, rudisha mpira, endesha hadi ipate joto.

Kwa mashine, gereji inaunganisha mipira hiyohiyo, na mashine inaingiza mpya kwa mwendo uleule wa inayotoka. Ni safi na ya haraka. Uliza maswali matatu kabla ya kukubali. Mashine ilitumika na oili gani kabla ya gari langu, na imesafishwaje? Mnatumia dawa ya kusafishia ndani? Kipimo cha mwisho mnakipima kwa joto gani? Dawa za kusafishia hatuzipendekezi. Zinabandua utando uliotulia miaka mingi na kuupeleka kwenye valvu zenye nafasi nyembamba, na mabaki yake yanapunguza nguvu ya oili mpya.

Oili inayotoka. Karibu yote. Hakuna nyingine inayoikaribia kwa ziara moja.

Uchafu. Unaoelea unatoka wote. Filta na sumaku zinabaki kama zilivyo, isipokuwa ukishusha sampu kwanza. Mashine peke yake kwenye filta iliyojaa ni kazi nusu.

Gharama. Kubwa: lita 10 hadi 12 na zaidi, na malipo ya mashine. Ukihesabu kwa kila lita ya zamani iliyotoka, hata hivyo, ndiyo nafuu, kwa sababu humwagi oili mpya uliyoitia juzi.

Hatari. Pampu kukauka kwa njia ya mkono. Oili kuchanganyika kwa njia ya mashine. Klipu na mipira iliyokauka kupasuka kwa zote mbili. Injini inaunguruma gari likiwa juu, kwa hiyo stendi nne imara, na jeki isitegemewe peke yake hata kwa dakika moja.

Unachokiona. Kidogo, rangi tu kwenye kioo cha mashine.

Inamfaa nani. Anayebeba au kuvuta mizigo mizito na anajua giaboksi yake ni nzima. Pia anayetaka kuondoa oili isiyo sahihi iliyotiwa kwa makosa. Huko robo kubaki ndani haikubaliki.

## Na wale wanaosema usiguse?

Maneno "oili ya maisha" yana chanzo. Toyota nyingi za WS hazina tarehe ya kubadili oili kwa matumizi ya kawaida. Lakini miongozo hiyohiyo ya Marekani inasema maili 60,000, kama kilomita 96,000, kwa wanaovuta tela au kupakia mzigo mzito. Ford kwa 6R80 inaandika maili 150,000 kwa matumizi ya kawaida na 30,000, kama kilomita 48,000, kwa magumu. Pikapu iliyopakia tani moja ikipanda Kitonga au Sekenke, au inayokaa foleni ya Dar es Salaam kwenye jua la Februari, si ya matumizi ya kawaida. Oili ya giaboksi hufanya kazi vizuri karibu na nyuzi 80 hadi 95. Ikikaa juu ya 120 kwa muda inaanza kuungua na kuacha utando.

Na zile giaboksi zinazokufa baada ya kubadiliwa oili? Zipo. Nyingi zilikuwa zimeanza kuteleza tayari, mwenyewe akaamua kubadili oili kwa matumaini, na lawama ikaenda kwa oili. Pleti zikishaisha, hakuna oili inayozirudisha. Giaboksi inayoteleza ikihitaji gia ya tatu, au inayochelewa kushika R kwa sekunde kadhaa, inahitaji fundi wa giaboksi kwanza. Kupima presha na kusoma kodi za kompyuta, yaani namba za hitilafu, ni gharama ndogo kuliko lita 12 zisizo na faida.

## Kwa hali yako

Gari ulilolinunua jipya au lenye kumbukumbu kamili. Kumwaga na kujaza kila kilomita 40,000 hadi 50,000 kunatosha, na sampu ishuke kila mara ya pili kama filta ni ya kitambaa.

Mtumba kutoka Japani, chini ya kilomita 120,000, gia zinaingia laini. Shusha sampu, soma sumaku, badili filta. Ukikuta ute laini tu, mwaga na kujaza tena baada ya kilomita 1,000 au 2,000, au malizia siku hiyohiyo kupitia mpira wa kurudi.

Kilomita 250,000, oili nyeusi, hujui ilibadilishwa lini, lakini gari linakwenda vizuri. Mwaga na kujaza mara tatu au nne, kwa nafasi ya kilomita 500 hadi 1,000 kila moja. Sababu yetu ya kwenda taratibu ni kwamba ukiona mabadiliko, gia kushtuka au kuchelewa, unaweza kusimama hapo. Mashine haikupi nafasi hiyo. Sampu iache mpaka mara ya pili, ili usiku ule wa kuchuruzika uoshe na uchafu ambao oili mpya imeshaulegeza.

Pikapu ya kazi, mzigo kila siku, tela mara kwa mara. Sampu pamoja na kubadili yote, kila kilomita 50,000. Ukiwa na bajeti ya kitu kimoja zaidi, ongeza kipoza oili cha nje mbele ya rejeta.

Oili isiyo sahihi imetiwa. Usiendeshe mbali. Badili yote, kisha sampu na filta.

Uko mbali na mji, bila skana. Usianze giaboksi isiyo na dipstiki kwa kubahatisha joto. Kipimajoto cha kuelekeza kwenye sampu kinaweza kukusaidia kwa dharura, ila chuma cha nje huwa na joto chini ya oili ya ndani. Tafuta skana kwanza, kazi ije baadaye.

Gia zinateleza, zinapiga teke, au taa ya injini inawaka. Soma kodi, angalia kipimo cha oili na dalili za kuvuja. Ikiwa kipimo kilikuwa chini, rekebisha kwa oili sahihi na ujaribu. Kikiwa sawa na tatizo lipo, weka pesa ya oili kando kwa ajili ya fundi atakayefungua giaboksi.

Oili ya zamani ipelekwe kwenye dumu lililofungwa kwa wanaokusanya oili chafu. Ukiiona nyekundu ya kuvutia, usiitie kwenye usukani wa gari jingine, maana imejaa vumbi la pleti.